Sura ya Tano: Farasi Mwenye Jina

Katika jumba la National Gallery, London, kuna farasi mmoja ambaye mtu akiingia chumbani mwake haoni kingine kwanza. Picha yake ina karibu mita 3 kwenda juu na mita 2.5 kwenda upande, kwa hiyo farasi amechorwa kwa kimo chake hasa. Ngozi yake ina rangi ya shaba iliyosuguliwa, singa na mkia ni vya rangi ya majani makavu, na jicho limekutumbulia. Amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele iko hewani. Hana tandiko wala hatamu. Hapana anga nyuma yake, hapana mti, hapana hata ardhi. Nyuma yake ni rangi moja tu, ya mchanga iliyofifia, na vivuli viwili vidogo chini ya kwato za nyuma, kana kwamba mchoraji alitaka tujue kwamba mnyama huyu ana uzito.

Jina lake ni Whistlejacket. George Stubbs alimchora mnamo 1762, na mwaka 1997 jumba hilo lilimnunua kwa pauni milioni 11. Kinachonishangaza mimi kuliko bei ni mgongo wake. Hakuna mtu juu yake.

Kwa karne nyingi farasi wa Ulaya aliingia katika picha kwa kazi moja: kubeba mkubwa. Mfalme Charles I alipochorwa na Van Dyck akiwa juu ya farasi, mnyama yule alikuwa kiti cha enzi chenye miguu minne. Hakuna aliyeuliza anaitwa nani wala baba yake nani. Mara, ndani ya miaka mia moja hivi, mfalme akateremka na farasi akabaki peke yake kwenye turubai, jina lake likiandikwa kwenye fremu. Jambo hilo lilitokea Uingereza, na lilianza na ukoo.

Kati ya miaka ya 1680 na 1730, madume watatu kutoka Mashariki walifika Uingereza, na farasi wote wa mbio wa damu safi walioko duniani leo huhesabu ukoo wao wa kiume kutoka kwao. Wa kwanza ni Byerley Turk, farasi wa vita wa Kapteni Byerley. Wa pili ni Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo na mfanyabiashara Thomas Darley na kupelekwa Yorkshire mwaka 1704. Wa tatu ni Godolphin Arabian, aliyefika kwa kupitia Ufaransa. Jina la huyu wa tatu wasomaji wa Ghuba wanalijua vizuri, maana ndilo la zizi kubwa la mbio la Sheikh Mohammed bin Rashid wa Dubai.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna kipande chetu kidogo katika habari hii. Neno letu farasi ni la Kiarabu, na saisi, yaani yule anayemlisha farasi, kumsugua na kumshika lijamu, limetoka huko huko. Bara la Afrika Mashariki lilikuwa na mbung'o, na mbung'o ni adui wa farasi, ndiyo maana punda na miguu yetu wenyewe ndivyo vilivyobeba historia yetu zaidi. Lakini lugha ilihifadhi maneno. Mkumbuke saisi, msomaji, kwa sababu tutamrudia.

Waingereza walichofanya na madume hao ni kuwapandisha kwa majike wao na kuandika. Waliandika nani kazaa nani, kwa bidii ambayo watu wengi huiweka kwa masharifu na watawala tu. Hesabu ya ukoo tunayoifanya sebuleni, mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, wao waliifanya zizini. Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 siku jua lilipopatwa, alikuwa kilembwe wa Darley Arabian. Alishindana mara 18 na hakushindwa hata mara moja, na mbegu yake ilienea hata leo zaidi ya 9 katika kila madume 10 wa mbio wana ukoo wa kiume unaopitia kwake. Klabu ya Jockey iliundwa karibu na mwaka 1750 na makao yake yakawa Newmarket, mji wa mbio mashariki ya Uingereza. Mwaka 1791 familia ya Weatherby ilianza kutoa daftari la nasaba la farasi wa mbio, na daftari hilo linaendelea kuchapishwa.

Sasa fikiria kabaila wa wakati ule. Ana dume ambalo mbegu yake ni mali. Ana dau la maelfu ya gini, sarafu za dhahabu, juu ya miguu yake. Kamera haijabuniwa. Atawaonyeshaje wageni wake farasi aliyekufa miaka 10 iliyopita, ambaye damu yake ndiyo anayoiuza? Atahitaji picha, na picha yenyewe iseme kweli: doa jeupe la kipaji lilikuwa na umbo gani, ni mguu upi uliokuwa mweupe hadi kifundoni, bega lililalaje, kifua kilikuwa na kina gani. Hapo ndipo sanaa hii ilipopata riziki. Ilianza kama hati ya umiliki, na ndiyo maana farasi wa picha za mwanzo karibu wote wamesimama ubavu, kama wanavyosimamishwa mbele ya mnunuzi.

John Wootton ndiye aliyefungua duka, kwa namna ya kusema. Alizaliwa mnamo 1682, akawa kipenzi cha makabaila, na picha zake kubwa za farasi na uwindaji bado zimetundikwa katika majumba kama Badminton na Longleat. James Seymour, mtoto wa mtu wa benki, alimfuata, naye alizipenda mbio kiasi cha kuziponza fedha za familia. Picha zao zina thamani kwa historia, lakini lazima niseme ninavyoona: farasi wao ni wa mbao. Kichwa ni kidogo mno, mwili ni mrefu kama benchi, miguu imepachikwa. Walikuwa wakichora farasi kama walivyofundishwa na picha nyingine za farasi. Hakuna kati yao aliyewahi kuangalia ndani.

Aliyeangalia ndani alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi wa Liverpool.

George Stubbs alizaliwa mwaka 1724. Alikulia katika harufu ya ngozi mbichi, na nadhani jambo hilo lina uzito kuliko shule yoyote ya sanaa, kwa sababu mtoto wa kazi ile hujua mapema kwamba mnyama ni kitu kilichofunikwa. Alijaribu kujifunza uchoraji kwa bwana mmoja, akaacha baada ya muda mfupi kwa kuchoshwa na kunakili picha za wengine. Akaenda York, akasoma anatomia ya binadamu hospitalini, na akachora picha za kitabu cha ukunga cha daktari John Burton kilichotoka mwaka 1751. Mwaka 1754 alisafiri hadi Roma, walikoenda wasanii wote kusujudia sanamu za kale. Yeye alirudi akiwa na hakika kwamba mnyama mwenyewe ni mwalimu mkubwa kuliko sanamu yake.

Mwaka 1756 alikodi nyumba ya shamba katika kijiji cha Horkstow, Lincolnshire, mbali na majirani. Sababu ya kwenda mbali itaeleweka sasa hivi. Farasi aliletwa hai, akatolewa damu kwenye mshipa wa shingo mpaka akafa, kisha mishipa ikajazwa mafuta yaliyoyeyushwa ili isinywee. Darini kulikuwa na chuma, na kwenye chuma kulabu na vigingi vya kumwinulia. Kwato zilikanyagishwa ubao, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka maiti ikasimama mkao wa farasi anayetembea. Ndipo Stubbs alipoanza kuchuna. Akatoa ngozi akachora. Akatoa tabaka la kwanza la misuli akapima, akachora, akaandika. Akaenda la pili, la tatu, mpaka mifupa. Farasi mmoja alidumu wiki 11. Hakukuwa na barafu wala dawa ya maana ya kuzuia kuoza. Nyumbani mle alikuwa na Mary Spencer, mwenzi wake wa maisha, aliyemsaidia kazi ile, na historia imemwandika kwa uchache kuliko anavyostahili. Walikaa hivyo kwa miezi 18.

Alipofika London na michoro yake, wachonga mabamba ya shaba waliombwa waigeuze kuwa kitabu, wakakataa. Hakulia na mtu. Akachonga mwenyewe, usiku na alfajiri, mchana akichora picha za kumpatia chakula. Kitabu cha anatomia ya farasi kilitoka mwaka 1766, miaka 8 hivi baada ya kuondoka Horkstow. Madaktari wa wanyama na wachoraji walikitegemea kwa vizazi vingi.

Rudi sasa kwa Whistlejacket. Yule farasi wa shaba alizaliwa mwaka 1749, mjukuu wa Godolphin Arabian, na mwenye naye alikuwa Markizi wa Rockingham, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Agosti 1759 huko York alimshinda farasi aitwaye Brutus kwa dau la gini 2,000. Ushindi ulikuwa mwembamba, na baada ya hapo akapumzishwa. Watu wa zamani walidai kwamba picha yake haikumalizika, kwamba mgongoni alikuwa akaliwe na Mfalme George III, na mandhari yangechorwa na mtu mwingine. Mimi siamini kwamba ile picha inasubiri chochote. Stubbs alimchorea Rockingham huyo huyo majike na watoto wao waliosimama mstari, nao hawana mandhari nyuma. Alijua anachofanya. Alitazama mishipa inayoonekana chini ya ngozi ya shingo, mkunjo wa ngozi pale kiungo kinapopinda, akaona vinatosha.

Inasimuliwa kwamba siku za mwisho za kazi, Whistlejacket alikuwa akitembezwa na kijana wa zizini karibu na picha ilipoegemezwa, akaiona, akaanza kuhema na kuivamia, na Stubbs akamfukuza kwa fimbo yake ya kuegemezea mkono na ubao wa rangi. Kisa hicho kilitoka kinywani mwa Stubbs mwenyewe akizungumza uzeeni na rafiki yake Ozias Humphry. Yawezekana kilipambwa kidogo. Kinatuonyesha, hata hivyo, ni sifa ya nani Stubbs aliithamini: ya farasi.

Kwa ufundi wa kusimulia ninaipenda zaidi picha ya Gimcrack, ya mwaka 1765. Gimcrack alikuwa farasi mdogo wa kijivu, na watu walimpenda kama wanavyompenda mchezaji mfupi anayewapita majitu. Upande wa kulia, mbali, anaonekana akiongoza mbio na wenzake wameachwa nyuma. Upande wa kushoto, karibu nasi, ni yeye yule tena, mbio zimekwisha, kasimama kando ya kibanda cha matofali ambamo farasi wa Newmarket walifutwa jasho. Mkufunzi amemshika kichwa, kijana wa zizini amepiga goti akimsugua mguu, mpanda farasi yuko kando. Nyakati mbili katika turubai moja. Jukwaa la watazamaji limefungwa madirisha, hakuna mtu hata mmoja wa kushangilia. Ushindi umechorwa kama kazi ya asubuhi kati ya mnyama mmoja na watu wachache wanaomjua. Kile kibanda Stubbs alikuwa amekichora peke yake kwanza, bila mtu wala farasi, na baadaye alikitumia tena kwenye picha ya Eclipse. Julai 2011 picha hii ya Gimcrack iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 22.

Wakati wake mwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1768, kilipanga picha kwa ngazi: juu kabisa visa vya historia na dini, kisha sura za watu, na chini kabisa wanyama na vitu vya mezani. Mchora farasi alihesabiwa karibu na mchora vibao vya baa. Stubbs alichaguliwa mwanachama mwaka 1781, akagombana na wakuu juu ya picha ambayo kila mwanachama alitakiwa kuikabidhi, hakuikabidhi, na uanachama kamili hakuupata. Mwaka 1794 alifungua maonyesho ya picha 16 za farasi mashuhuri tangu Godolphin Arabian, akikusudia kuzitolea chapa za kuuza kwa watu wa kawaida. Vita na Ufaransa viliua soko, na mpango haukufika mbali.

Chapa, lakini, ndizo zilizoifikisha sanaa hii katika kila baa na kinyozi. Baada ya Stubbs wakaja wengi. Ben Marshall alihamia Newmarket mwaka 1812 kwa hesabu iliyo wazi, akieleza kwamba mtu atakayelipa gini 50 kwa picha ya farasi wake huona gini 10 ni nyingi kwa picha ya mkewe. John Frederick Herring alianza maisha kama dereva wa magari ya farasi, akaishia kuwachora washindi wa mbio za St Leger mwaka baada ya mwaka. Hawa walikuwa mafundi hodari. Hawakuwa Stubbs.

Tatizo moja hata Stubbs hakulitatua: farasi anayekwenda shoti. Wachoraji wote walimchora miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, minne yote hewani. Géricault alifanya hivyo katika picha yake ya mbio za Epsom ya mwaka 1821, iliyoko Louvre, na ni picha nzuri ajabu. Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja na uzi wake, farasi akipita anakata uzi na kamera inapiga. Picha zikaonyesha kwamba ni kweli kuna wakati miguu yote inaacha ardhi, ila wakati huo imekunjwa chini ya tumbo. Mkao ule uliochorwa kwa karne nzima haupo. Degas alizisoma picha hizo, na tangu hapo farasi wa mbio wa Ulaya akabadili miguu.

Ng'ambo ya Atlantiki, sanaa hii ilipelekwa na Edward Troye, mzaliwa wa Lausanne mwaka 1808, aliyezunguka mashamba ya kusini mwa Marekani akichora farasi wa matajiri. Alichora ubavu kwa ubavu, kama Waingereza wa mwanzo. Lakini waliomshika farasi, waliomfundisha na waliompanda walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na Troye aliwachora kwa nyuso zao hasa. Kwenye picha yake ya farasi Richard Singleton, iliyopo Richmond, Virginia, majina ya watu watatu yameingia katika anwani: Harry, Charles na Lew. Harry ndiye mkufunzi. Utaalamu ulikuwa wao, farasi wa bwana, na wao wenyewe wa bwana vilevile. Mbio za kwanza za Kentucky Derby zilipofanyika mwaka 1875, miaka 10 baada ya utumwa kukomeshwa, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi; aliyeshinda alikuwa Oliver Lewis, na mkufunzi wa farasi wake, Ansel Williamson, aliwahi kuwa mtumwa. Anayetaka kujua mbio za Marekani zilijengwa na nani, aanze na picha za Troye na atazame kushoto kwa kichwa cha farasi.

Maana ukizitazama picha hizi nyingi kwa pamoja, jicho huhama. Unaanza na farasi, unaishia kwa saisi. Mwenye mali mara nyingi hayupo. Aliyepo ni yule anayejua kwamba mnyama huyu hapendi kuguswa sikio la kushoto.

Nimeiweka mwisho picha ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, na Stubbs aliichora akiwa na miaka 75. Machi 1799, Newmarket, Hambletonian wa Sir Henry Vane-Tempest alishindana na Diamond katika mbio za zaidi ya maili 4 kwa dau la gini 3,000. Alishinda kwa nusu shingo, akichapwa na kuchomwa kwa vichokoo hadi mwisho. Sir Henry akataka picha ya ushindi. Stubbs akampa kilichobaki baada ya ushindi: turubai ya upana wa zaidi ya mita 3 na nusu, iliyojazwa na mnyama aliyechakaa, masikio yamelazwa nyuma, mdomo wazi, miguu miwili ya upande mmoja imeinuka namna ambayo farasi hawezi kusimama, kana kwamba mwili umesahau mpangilio wake. Kichwani kasimama mkufunzi. Upande wa pili kijana wa zizini, mdogo, mkono mmoja umepita juu ya mgongo wa farasi, mwingine umeshika kitambaa. Hatabasamu. Wote wawili wanatutazama sisi.

Sir Henry hakulipa. Mzee alimpeleka mahakamani, akashinda. Alifariki mwaka 1806. Picha ile ipo Mount Stewart, Ireland ya Kaskazini, na katika anwani yake limo jina moja tu, la Hambletonian.